Waliotafuta Kura Ilhali Wao Hawana

Uchaguzi mkuu wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanywa kwa mafungu mawili, la kwanza Septemba 1958 na la pili Februari 1959, una jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulitaja kwa haraka na kulipita, nalo ni kwamba wengi wa watu waliozunguka mitaani na vijijini wakiwasihi wenzao waende wakapige kura, waliopika chakula cha wageni wa chama na kuwatandikia vitanda, wao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura hata moja. Sheria ilitaka mpiga kura awe ametimiza umri wa miaka 21, kisha ama awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, ama awe amesoma mpaka darasa la nane, ama awe anashika mojawapo ya kazi na madaraka yaliyotajwa. Na katika nchi ya wakulima, wavuvi, wachukuzi na mama wauza maandazi, masharti hayo yaliwaacha nje karibu watu wote. Hata hivyo hao walioachwa nje ndio walioibeba kazi ya uchaguzi, bila mshahara wala posho, na aghalabu kwa kutoa katika kidogo walichokuwa nacho; na kwa maoni yangu historia ya siasa ya nchi hii haifahamiki sawasawa mpaka habari yao iwekwe mbele, mahali inapostahili kukaa.

Ili kujua kwa nini kazi ile iliwaangukia wao, yapasa kurudi nyuma kidogo. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 mjini Dar es Salaam, katika nyumba ya New Street, mtaa ambao leo huitwa Lumumba, na nyumba hiyo waliijenga kwa kujitolea wanachama wa African Association, jumuia iliyoasisiwa mwaka 1929 na ambayo TANU ndiyo mrithi wake. Jumuia ile ya zamani ilikuwa imezoea kuongozwa na makarani, walimu na matabibu, yaani watu wa kalamu. Lakini mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasiingie katika siasa, na kwa amri hiyo watu wa kalamu wakafungwa midomo, mtu akawa hana budi kuchagua baina ya riziki yake na chama chake. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule ya wamisionari huko Pugu, alichagua chama, akaacha kazi Machi 1955 baada ya kurejea kutoka Umoja wa Mataifa. Lakini watu wa kufanya hivyo walikuwa haba, wala si haki kuwalaumu waliobaki kazini, maana nyuma ya kila karani palikuwa na ukoo mzima uliomtazama yeye kila mwisho wa mwezi.

Basi pengo lililoachwa na watumishi wa serikali lilizibwa na watu wasioajiriwa na serikali, na kwa Dar es Salaam hao walikuwa ni watu wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni. Ndugu wawili wa ukoo wa Sykes, Abdulwahid na Ally, walitoa fedha na maarifa. John Rupia, mfanyabiashara, aliutegemeza mfuko wa chama ulipokuwa mtupu. Dossa Aziz alitoa gari lake litumike kwa safari. Na Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, aliitunza nyumba ya Nyerere kwa chakula na fedha tangu siku alipokosa mshahara. Majina haya yanajulikana, na ni haki yajulikane. Lakini chama hakijengwi kwa wakarimu watano au kumi. Ilihitajika idadi, tena idadi iliyoandikwa katika daftari na kulipiwa kadi, na idadi ile ilitoka upande ambao waasisi, wanaume wote, hawakuwa wameutia katika hesabu yao.

Mnamo Juni 1955 alifika Tanganyika John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wa chama chao wako wapi. Wanawake walikuwako, kwa maana ya kuwa baadhi ya wake walikuwa wamechukua kadi pamoja na waume zao, lakini tawi lao halikuwako wala kiongozi wao hakuwako, na katika kuhangaika kumtafuta wa kumwonyesha mgeni, watu wakamkumbuka Bibi Titi Mohamed, mke wa Boi Selemani, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alikuwa na umri usiotimia miaka 30, hakufika darasa la nane, wala hakuwa amewahi kusimama mbele ya mkutano wa siasa. Ila alikuwa amezoea kusimama mbele ya watu akiimba, na watu wakamsikiliza, nao ustadi huo haufundishwi darasani.

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo kiini cha habari. Mtu asiyezijua ngoma za mwambao hudhani ya kuwa lelemama na wenzake ni mchezo wa jioni, wa kujifurahisha na kupitisha wakati, na kwa kudhani hivyo hupotewa na maana ya yote yaliyofuata. Kikundi cha ngoma kilikuwa ni jumuia kamili: kilikuwa na mkubwa wake na makatibu wake, vyeo vya kupandishwa na kuvuliwa, sare za kununuliwa pamoja, michango ya kukusanywa kwa zamu, na sheria za kumtoza faini mwanachama aliyekosa kuhudhuria. Kilizika wafu, kikauguza wagonjwa, kikaozesha mabinti, kikashindana na kikundi cha mtaa wa pili kwa mashairi na mavazi mpaka mji ukagawanyika pande mbili. Vyama vya taarab vya Al Watan na Egyptian vilikuwa na desturi zinazokaribiana na hizo. Mwanamke aliyeongoza kikundi kama hicho kwa miaka kumi alikuwa amekwisha kujifunza namna ya kuwaita watu wakaja, kuwadai michango wakatoa, kuwapatanisha waliogombana, na kutunza siri. Akajua nyumba ipi ina msiba, mume yupi ni mkali, na mke yupi akikubali jambo jirani zake watano watamfuata. Ukitafuta shule bora kuliko hiyo ya kumfunza mtu kazi ya kutafuta wanachama hutaipata, na shule hiyo ilikuwa imefunguliwa tangu zamani, ila wanasiasa hawakuwahi kupita mlangoni pake.

Bibi Titi alipita. Aliwaendea viongozi wa ngoma mmoja mmoja, wengi wao wakiwa ni mashoga zake au washindani wake wa zamani, na kila kiongozi aliyekubali aliingia na watu wake wote nyuma yake. Tatu binti Mzee na wenzake wakawa pamoja naye tangu mwanzo. Oscar Kambona, aliyekuwa katibu wa TANU, aliandika mwaka ule ule wa 1955 kwamba katika muda wa miezi mitatu wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikwa; na mtu akifikiri kwamba chama kizima kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja na nusu, ataona jinsi jambo hili lilivyokuwa la shani.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa miguu na kwa ulimi. Mwanamke hakumkabili mwenzake barabarani. Alibisha hodi, akaingia mpaka uani, akaketi kwenye mkeka, akauliza hali za watoto na za mgonjwa aliyekuwamo ndani, na baada ya wasaa wa kutosha ndipo alipotaja lililomleta. Palikuwa na waume waliokataza, kwa haya au kwa hofu ya kazi zao, na kwa hao ilibidi kutumwa mzee wa mtaa au jamaa aende kuomba idhini kwa adabu. Na palikuwa na wake waliochukua kadi kwanza wakaificha, wakaieleza baadaye. Maneno yaliyosemwa uani hayakuwa yale ya majukwaani juu ya katiba na udhamini wa Umoja wa Mataifa. Yalikuwa ya kodi ya kichwa, ya mtoto aliyekosa nafasi ya shule, ya mtu mzima mwenye mvi kuitwa boi na kijana wa miaka 20. Kila aliyesikia aliyajua mambo hayo katika nafsi yake, na kazi ya mhamasishaji ilikuwa ni kumwonyesha kwamba jirani yake naye anayajua, na wa mtaa wa pili pia.

Nje ya Dar es Salaam shida ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa kanuni ya mwaka 1954 ilidai kila tawi la jumuia yoyote liandikishwe, na serikali ikiwa haikuridhika ilikataa. Katika jimbo la Ziwa TANU ilizuiwa kuwa na matawi tangu mwaka 1954 hata 1958, na watu wake wakafanya kazi chini ya vivuli vya vyama vya ushirika vya pamba, au chini ya kivuli cha kutembeleana tu. Kusini, ambako kumbukumbu ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907 ilikuwa ingali mbichi katika vichwa vya wazee waliokula mizizi porini wakati wa njaa iliyofuata, neno la kuikabili serikali liliwatia watu jitimai, na aliyelileta ilimpasa aeleze tena na tena kwamba safari hii hakuna mkuki wala bunduki, ni karatasi na maneno. Nyerere na Bibi Titi walisafiri kwa Landrover katika nchi hiyo pana, na kila walipofika palikuwa na mtu aliyewatangulia kwa siku kadhaa akitangaza habari, na mwingine aliyechinja kuku, na mwingine aliyetoa chumba chake akaenda kulala kwa jirani. Hesabu ya gharama za watu hao haimo katika daftari la mtunza hazina yeyote. Vijana wa chama, waliojulikana kwa mashati yao ya kijani, walisimama pembezoni mwa mikutano kuangalia amani, kwa sababu ghasia moja tu ingetosha kuipa serikali hoja ya kulifunga tawi.

Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua kama kitaingia katika uchaguzi wa kura tatu au kitaususia. Masharti yalikuwa ya udhalili: kila jimbo la uchaguzi litoe wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi au Mwasia mwingine mmoja, na Mzungu mmoja, ilhali idadi za watu wa rangi hizo tatu hazikukaribiana hata kidogo, na mpiga kura alilazimishwa awachague wote watatu, kwani karatasi iliyokosa hata kura moja kati ya tatu ilibatilika. Nyerere aliuelekeza mkutano kwenye kukubali, wajumbe wakakubali, na Zuberi Mtemvu, aliyeona ya kuwa kukubali ni kuisaliti haki ya Waafrika, akajitenga akaanzisha chama chake cha ANC. Husimuliwa sana ufasaha uliotumika Tabora. Mimi hunivuta zaidi kufikiri hali ya mwanamke wa Kariakoo au kijana wa Tanga aliyepelekewa habari ya uamuzi ule, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amewaambia majirani zake kwamba nchi ni yetu, na sasa akaamrishwa arudi kwa majirani wale wale awaombe wampigie kura na Mzungu, na Mwasia, kwa majina.

Alirudi, akawaomba. Na kuna mgawanyiko mmoja uliomfanya asiweze kuepukwa: walio wengi wa wale waliofaa kupiga kura kwa elimu au kwa mshahara walikuwa watumishi wa serikali, waliokatazwa na ule waraka wa mwaka 1953 kuwa wanachama, na walio wengi wa wanachama hawakufaa kupiga kura. Chama kilikuwa na watu wasio na kura, na kura zilikuwa kwa watu wasio na ruhusa ya kuwa wa chama. Baina ya makundi haya mawili hapakuwa na daraja ila mhamasishaji wa mtaani, mama mwenye kibanda ambaye karani alinunua kwake chai ya alfajiri, shangazi wa mwalimu, kinyozi wa tarishi. Ilikuwa kazi yake kumjua nani katika mtaa ana darasa la nane, kumshawishi ajiandikishe, kumkumbusha siku ilipokaribia, na kumfafanulia majina matatu, pasipo yeye mwenyewe kuwa na haki ya kuigusa karatasi ile. Sijui tendo la kisiasa lenye ikhlasi kuzidi hilo, mtu kumhimiza mwenzake aitumie vema tunu ambayo yeye amenyimwa, tena pasipo kinyongo.

Matokeo yalionyesha nguvu ya daraja lile. Katika fungu la kwanza Nyerere alimshinda Patrick Kunambi katika jimbo la Mashariki. Katika jimbo la Kaskazini alishinda Sophia Mustafa, mwanamke mwenye asili ya Bara Hindi, ambaye baadaye aliiandika habari ya kampeni yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961. Derek Bryceson na Amir Jamal wakaingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, chenye fedha na chenye watu mashuhuri, hakikuwa na mtu wa kuketi kwenye mkeka wa mtu uani, kikaanguka. Mafungu yote mawili yalipokwisha, TANU na wale iliowaunga mkono walikuwa na viti 28 kati ya 30.

Uchaguzi uliofuata, wa tarehe 30 Agosti 1960, hauhitaji maneno mengi. Masharti yalilegezwa, aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza akaruhusiwa, na kwa mara ya kwanza wengi wa wale waliokuwa wametafuta kura za wenzao walipata kura zao. Lakini kati ya viti 71, viti 58 havikuwa na mpinzani, TANU ikapata 70, na cha mwisho, cha Mbulu, kikaenda kwa Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mtu aliyeteuliwa na chama. Hivyo mahali pengi watu waliopata haki mpya ya kuchagua hawakuwa na wa kumchagua, na nadhani watu wa Mbulu ndio waliofaidi uchaguzi ule kuliko wote.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na kazi ya kujitolea ikaanza kubadilika sura kidogo kidogo. Chama kilichokuwa kikiomba sasa kilikuwa kinatawala. Mfumo wa mashina ya nyumba kumi kumi ulipoanzishwa katika miaka ya 1963 na 1964, kila nyumba kumi zikapata balozi wake, na kazi ambayo zamani ilifanywa na mama wa mtaa kwa hiari yake, ya kujua nani anaumwa na nani ana neno, ikawa sehemu ya utaratibu wa utawala. Sisemi kwamba mabalozi hawakuwa na manufaa, maana walisuluhisha magomvi mengi ambayo yangefika mahakamani. Nasema kwamba mtu anayebishiwa hodi na balozi hana uhuru ule ule wa kukataa aliokuwa nao mbele ya shoga yake mwimbaji wa Bomba, na palipo na uzito wa kukataa, kukubali nako hupungua thamani.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, kampeni ya mtu binafsi ilipigwa marufuku kabisa. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walitembezwa pamoja na chama, wakasimama jukwaa moja, wakasema kwa Kiswahili tu, na ilikatazwa kutaja kabila, dini au rangi. Nia ilikuwa njema, na iliwazuia matajiri wasinunue viti. Iliwazuia pia wasio na mali, wale ambao hawakuwa na kitu cha kumpa mgombea wampendaye isipokuwa miguu yao na ulimi wao. Wapiga kura walitumia kura zao kwa ujasiri, wakawaangusha baadhi ya wakubwa, akiwamo waziri Paul Bomani huko Mwanza. Na huko Rufiji wakamwangusha Bibi Titi Mohamed, ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa ameweza kuujaza uwanja wa Mnazi Mmoja. Alikamatwa mwaka 1969, akashitakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatolewa kwa msamaha mwaka 1972, na kwa muda mrefu jina lake halikutajwa katika sherehe za chama alichokijenga.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kampeni za mitaani zilirudi navyo, lakini zilirudi zikiwa na fulana, kofia, khanga na pilau, na kufika mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikakubali, kwa jina la takrima, mgombea kuwakirimu wapiga kura wake, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha ruhusa hiyo Aprili 2006. Nimewasikia vijana wakisema kwamba desturi hiyo ni ya jadi ya Waafrika. Katika miaka ya 1955 hata 1960 chakula kilikuwapo pia, tena kingi, ila kilipikwa na wananchi kikaliwa na wagombea.

Mwanamke wa Kimarekani, Susan Geiger, mtaalamu wa historia, alimhoji Bibi Titi mwaka 1984, akawahoji na wanawake wengine wa TANU wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, na kutokana na mazungumzo hayo akakichapisha kitabu mwaka 1997, miaka mitatu kabla Bibi Titi hajafariki dunia Novemba 2000. Wanawake wale walimsimulia kwa Kiswahili, lakini kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Ni wajibu wa wachapishaji wetu kuyachapisha masimulizi yale kama Bibi Titi alivyoyasimulia kwa Kiswahili, ili wasomaji wa Kariakoo na Rufiji wayasome kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake.